Nusu maili ikirudishwa kwa vijiji itapona, au ndo tutaimaliza wenyewe?

MfongoWaJuu (Moshi Vijijini)

Habari zenu wadau wa Moshi na Arusha na popote mlipo. Nina swali linaninyima usingizi aisee, naomba mwenye ujuzi anijibu kwa ujuzi wake na sio kwa ushabiki, maana hapa kijijini tumeshaligombania mpaka kuna watu hawasalimiani.

Mimi nimezaliwa huku juu, kihamba chetu (shamba la nyumbani) kinapakana na nusu maili kabisa, ukitoka jikoni kwa mama ukapandisha dakika kumi na tano uko mpakani. Kwa msiojua, nusu maili ni ule ukanda wa kama mita 800 uliowekwa 1941 kati ya vihamba na msitu wenyewe wa mlima, lengo lilikuwa wananchi wapate kuni na mbao na majani ya ng'ombe humohumo wasiwe na sababu ya kuingia ndani kwenye miti ya asili. Babu alikuwa anasema ile nusu maili ndo stoo ya Wachagga, unaichukulia kidogo kidogo na unairudishia.

Sasa mwezi uliopita mfongo wetu (mfereji wa asili wa maji) maji yakawa yanakuja ya kusuasua, tukakubaliana na mjomba tupande tuangalie banio, pale maji yanapoingilia mferejini. Njiani nikaanza kuhesabu visiki, nilianza hivihivi tu lakini baadae nikawa siwezi kuacha. Mpaka tunafika kwenye banio nimehesabu 37. Vibichi, vingine bado vinatoa maji. Kuna mseri mmoja (wengine mnauita mkafuri, mbao yake ndo ile ya kamfa) kisiki chake mimi na mjomba tukishikana mikono hatukizunguki, umeangushwa umepasuliwa palepale, wamechukua mbao za katikati wakaacha mabanzi na rundo la unga wa mbao, harufu ya kamfa bado imejaa bonde zima. Mjomba alikaa chini akanyamaza muda mrefu. Akaniambia huu nilikuwa naujua tangu niko darasa la pili.

Halafu tunashuka siku hiyohiyo tunakuta kina mama wanne wamekalishwa chini na mgambo wa kijiji, wamenyang'anywa mapanga kwa sababu ya mizigo ya kuni kavu. Kuni kavu jamani! Mti wa watu watatu unapasuliwa kwa chenso, mlio unasikika mpaka ng'ambo ya korongo na hakuna anayesikia, ila panga la mama linasikika.

Sijui nani alikata na simtuhumu mtu hapa. Swali langu ni hili. Kijijini kuna kundi linasema tuombe nusu maili itolewe serikalini irudi kwa vijiji, tuisimamie wenyewe kama zamani. Kundi lingine linasema tukipewa tutaimaliza ndani ya miaka mitano. Kuna kikao cha mkutano mkuu wa kijiji kinakuja na mimi nimepangwa kuongea, na ukweli sijui nisimame upande gani. Mnanishauri nini?

Kibo5895 (Moshi mjini)

Pole sana mangi, najua uchungu wa kuona mseri umelala. Lakini mimi nasema wazi, ISIRUDI.

Sababu ni hii. Mwaka 2001 walirusha ndege kuzunguka mlima mzima, ule utafiti uliosimamiwa na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, wakawa wanahesabu uharibifu kutoka angani. Walikuta mikafuri zaidi ya 2,000 imekatwa karibuni, hiyo ni mikafuri tu sijataja miti mingine, na matanuru ya mkaa, na mashamba ndani ya msitu. Na hapo ilikuwa imeshakatazwa kukata miti ya asili mlimani tangu miaka ya 1980. Na nusu maili yenyewe sehemu kubwa ilikuwa haina miti tena, imelimwa. Sasa waliokata hawakutoka mbinguni, walikuwa wanaishi kwenye vijiji hivihivi vyetu au walipokelewa na wenyeji wakaonyeshwa njia. Mpasuaji mgeni hawezi kukaa porini wiki mbili bila mtu wa kumpelekea unga na maharage.

Ndo maana 2005 msitu wote ukaingizwa kwenye hifadhi ya taifa, kabla ya hapo hifadhi ilikuwa inaanzia juu huko kwenye mita 2,700 tu. Mimi nimepandisha wageni miaka tisa, naona tofauti kwa macho, kuna sehemu zilikuwa uwazi saizi zimefunga.

Na tunajua kweli tuna nini mlimani? Ule mti mrefu kuliko yote iliyopimwa Afrika uko kwetu, kwenye korongo huku Kilimanjaro, mita 81.5, matokeo yalitoka 2016. Karne zote umesimama na hakuna aliyekuwa anajua urefu wake. Sasa fikiria kama wapasuaji wangetangulia kufika pale kabla ya waliokuja na kipimo. Mimi nasema ulinzi ukazwe, hao wa chenso watafutwe, lakini mpaka usisogezwe hata mita moja.

MamaAika (Marangu)

Kibo5895 mwanangu nimekusoma na nimekuelewa, ila umeongea kama mtu anayepika kwa gesi.

Mimi nina miaka 58, nimekwenda kuni nusu maili tangu nikiwa na miaka saba, nyuma ya mama yangu. Kulikuwa na siku za kuingia, na kulikuwa na sheria ambazo hakuna aliyeziandika ila kila mtoto alizijua. Hukati kibichi. Hugusi mti ulioko karibu na chemchemi. Ukimkuta mtu amekata msesewe mchanga unasema nyumbani, na baba yako anasema kwa baba yake, na hapo hapahitaji askari maana aibu inamtosha. Mama yangu alikuwa anaona tawi limeanza kukauka anasema hili la mwezi wa tisa, na kweli mwezi wa tisa ndo tunalifuata.

Kitu kilichoniuma ni kwamba siku walipotuambia huku sio kwenu tena, ile aibu nayo iliondoka. Siku hizi nikisikia chenso namwambia nani? Zamani ilikuwa mali yangu inaibiwa, napiga kelele wanaume wanatoka na marungu. Sasaivi ni mali ya serikali, watu wanageukia ukuta wanalala. Nikienda kutoa taarifa, cha kwanza nitakachoulizwa ni wewe ulikuwa huko juu unafanya nini. Kwa hiyo nanyamaza. Sisi kina mama ndo tunajua kila njia na kila kisiki, na sisi ndo tumefungwa midomo.

Nasikia matangazo ya nishati safi, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilishakatazwa kuni na mkaa tangu 2024, ni jambo zuri, nalikubali kabisa. Lakini mtungi ukiisha tarehe 20 na kahawa haijauzwa unafanya nini? Unakwenda juu. Mimi sitaki nipewe msitu mzima. Nataka nisiwe mwizi kwa kuokota tawi lililoanguka lenyewe.

mbao_na_bati (Arusha, Mbauda)

Ngoja na mimi niseme upande wa sokoni maana hapa mnabishana juu ya nani awe na ufunguo wakati mlango wa nyuma uko wazi.

Niko kwenye biashara ya mbao miaka kumi na nne. Mti ukikatwa kihalali unakuwa na kibali cha kuvuna chenye mita za ujazo na aina ya mti, umelipiwa mrahaba, gogo limegongwa nyundo, halafu mzigo unatembea na TP (kibali cha kusafirisha) inayosema unatoka wapi unaenda wapi na kwa gari gani, na hairuhusiwi kusafirisha usiku, saa kumi na mbili jioni unatakiwa uwe umesimama. Kwenye karatasi ni mfumo mzuri sana. Shida ni kwamba karatasi haijui mbao. TP moja ya mita tano inaweza kutembea safari tatu kama hakuna aliyeigonga vizuri getini. Mtu ana kibali cha migrevilea ya shambani kwake, kihalali kabisa, anapakia migrevilea pembeni na juu, katikati kuna kamfa. Kuifungua ile Fuso yote ushushe mbao moja moja ni kazi ya nusu siku, nani atafanya saa tisa mchana jua linawaka? Na ndo hapo mkono unapoingia mfukoni.

Nitasema kitu na sijivunii. Miaka ya nyuma niliwahi kuletewa kamfa, 2 kwa 6 ndefu, safi, bei ilikuwa chini mno kiasi kwamba nilijua haina karatasi. Nikanunua. Nikamtengenezea mteja makabati. Kila nikisoma habari za vyanzo vya maji kukauka nakumbuka yale makabati, na hii thread imenikumbusha tena. Sijanunua tena na sitanunua, lakini najua wenzangu wanaonunua na wateja wanaoulizia "ile ya zamani yenye harufu".

Kingine cha kujiuliza. Hapa Arusha na Moshi tumezungukwa na mashamba ya miti ya serikali, West Kilimanjaro, Rongai, Meru. Mbona yadi zetu zimejaa mbao za kutoka Mafinga? Mtu anasafirisha paina zaidi ya kilomita mia saba anakuja kuuza mlangoni kwa shamba la paina. Mimi sina elimu ya misitu ila hapo kuna kitu hakijakaa sawa. Mwenye kujua atufundishe.

MzeeWaOlmotonyi (Arusha)

Vijana wangu na wewe MamaAika, salaam. Nilisomea misitu chuo cha Olmotonyi, nimefanya kazi serikalini mpaka kustaafu, nusu ya maisha yangu nimekuwa naamka kwenye mashamba ya miti. Nitajibu kwa urefu, mnivumilie.

Nianze na historia maana bila hiyo mtagombana bure. Nusu maili ilipoanzishwa 1941 iliwekwa chini ya Baraza la Wachagga, na ilipandwa miti, ilikuwa na walinzi, na pesa ya mbao ilirudi kwenye baraza na watu waliiona. Baada ya uhuru uchifu ukafutwa 1963, ukanda ukaenda halmashauri, halmashauri zikafutwa 1972 ukaenda serikali kuu, baadae ukarudi tena halmashauri, halafu 2005 ukamezwa na hifadhi. Hesabuni wenyewe imebadilisha mikono mara ngapi. Mimi nilichokiona ni kwamba kila aliyepewa zamu alivuna kama mpangaji anayejua atahama, hakuna aliyepanda kama mwenye nyumba. Mwananchi naye akajifunza hivyohivyo. Kwa hiyo mnapouliza "serikali au kijiji" mimi nauliza, huyo mtakayempa atakaa muda gani, na nani atakuwa anaona daftari lake?

Sasa nije kwa mbao_na_bati. Shamba la miti la serikali lina hesabu rahisi sana, hata mtoto wa darasa la sita anaielewa. Kama shamba lina hekta 5,000 na mti unachukua miaka 25 kukomaa, huruhusiwi kuvuna zaidi ya hekta 200 kwa mwaka, na hizo 200 uzipande tena mvua zinazofuata. Ukifanya hivyo shamba haliishi mpaka kiama. Ukivuna 300, au ukivuna 200 ukapanda 100, hakuna atakayeona leo. Shamba linaonekana kijani, mapato yamepanda, meneja anapongezwa. Miaka kumi na tano baadae ndo unafika unakuta karibu miti yote iliyobaki ni michanga na mashine za kupasua zimesimama. Na aliyevuna hayupo, alishahamishwa zamani.

Nilifanya kazi kwenye shamba moja, sitalitaja, nikakuta vitalu vilivyovunwa miaka saba nyuma havijapandwa hata mche mmoja. Kwenye taarifa viliandikwa vimepandwa. Niliandika barua. Niliandika ya pili. Nikahamishwa. Bado nina nakala za zile barua mpaka leo, wanangu wananiuliza za nini.

Kuna jambo lingine watu wa mjini hawalijui. Kupanda kwenyewe kunategemea wakulima. Unampa mwananchi kitalu kilichovunwa alime mahindi na viazi na maharage miaka kama mitatu huku anapalilia miche yako, miche ikifunga kivuli anatoka anahamia kitalu kingine. Ni utaratibu wa zamani na ukisimamiwa vizuri ni mzuri mno, nyie mnakula viazi vya mlimani na msitu unapandwa bure. Lakini fikiria upo kwenye nafasi ya yule mkulima, mche ukikua wewe unafukuzwa. Sasa mche utakua kweli? Nimeng'oa miche iliyokuwa imekatwa mzizi mkuu kwa jembe, juu kijani, chini hamna kitu, baada ya wiki mbili inakauka na ripoti inasema ni ukame. Simlaumu sana mkulima, ana watoto. Namlaumu aliyepanga utaratibu akaacha kuukagua, na anayegawa vitalu kwa wakubwa wa mjini ambao nao wanavikodisha kwa wakulima wenyewe.

Halafu mjue nchi yetu imevuna misitu tangu enzi za Mjerumani lakini hesabu kamili ya kwanza ya nchi nzima, ile ya NAFORMA, imefanyika kati ya 2009 na 2014. Ndo tukajua tuna hekta milioni 48.1 za misitu, na kwamba tunapoteza zaidi ya hekta 370,000 kila mwaka. Vibali vingi vya kabla ya hapo vilitolewa kwa kukisia. Na kule kusini, baada ya daraja la Mkapa la mto Rufiji kufunguliwa 2003, magogo yalivyotoka kila mtu alishangaa. Ripoti ya 2007 ya TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea pori, ilikadiria kwamba kwenye kilele cha ule uvunaji asilimia 96 ya mrahaba ambao serikali ilitakiwa kukusanya haikukusanywa, kama dola milioni 58 kwa mwaka. Yaani katika kila shilingi 100 ya mrahaba, nne ndo zilikusanywa. Hiyo ndo misitu ya umma, yenye askari na nyundo na TP.

Kwa hiyo Kibo5895 unaposema serikali ikaze, sawa, lakini ujue serikali nayo inahitaji mtu wa kuiangalia.

Kibo5895

Shikamoo mzee. Nimesoma mara mbili. Ile asilimia 96 nilikuwa siijui, imenishtua. Lakini bado mzee hujasema vijiji vitaweza. Nitajie kijiji kimoja kilichopewa msitu ukapona.

MzeeWaOlmotonyi

Marahaba mwanangu. Nenda Duru-Haitemba, Babati, wakati ule ilikuwa bado mkoa wa Arusha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilitaka kuutangaza ule msitu wa miombo uwe hifadhi yake, wapimaji wakaanza kukata mipaka. Wananchi waliposikia tu unachukuliwa wakaingia kukata haraka haraka kabla haujawa wa serikali. Unaona akili ya binadamu? Ikaamuliwa vinginevyo, vijiji vinane vikapewa viusimamie vyenyewe. Wakagawana mipaka, wakaandika sheria ndogo, wakaweka walinzi vijana wao bila mshahara, na ule msitu ukafunga tena, vyanzo vikarudi. Ndo mfano uliotumika mpaka Sheria ya Misitu ya 2002 ikaruhusu kijiji kuwa na msitu wake na mrahaba ubaki kijijini. Kilwa nako kuna vijiji vilianza kuvuna mpingo kwa mpango, vikapata 2009 cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha uvunaji usioharibu msitu.

Ila usikimbilie kufurahi. Ule wa Babati ni miombo, ukiukata unachipua. Mkafuri nao unaweza kuchipua kwenye mizizi, ila kurudi kwake sio rahisi hivyo. Ukiangusha mikafuri mingi pamoja, mwanga unaingia, inakuja ile miti laini ya haraka, Macaranga, inashika nafasi na mkafuri unakaa chini miaka na miaka. Msitu utaonekana umerudi kwa ndege, lakini sio ule. Kwa hiyo mkafuri haufai kuvunwa na serikali wala na kijiji wala na mtakatifu.

MfongoWaJuu

Shikamoo mzee wangu, na mama Aika shikamoo. Nimechapisha maelezo yenu kwenye karatasi kwa ajili ya mjomba, hana simu ya intaneti.

Mzee nina maswali mawili. La kwanza, kisheria kijiji kinaweza kweli kurudishiwa nusu maili? La pili, mfongo wetu kukauka ni kwa sababu ya visiki au kuna kingine? Kijijini kila mtu anasema ni visiki.

MzeeWaOlmotonyi

La kwanza. Ikiwa eneo liko ndani ya hifadhi ya taifa, mipaka yake haibadilishwi na mkuu wa wilaya wala mkutano wa kijiji, ni Rais kwa ridhaa ya Bunge. Kwa hiyo anayesimama kwenye mikutano akawaahidi mtarudishiwa mwezi ujao anataka kura. Mnachoweza kuomba sasa ni kilichoko mezani, utaratibu wa kuni kavu wenye siku zake na maandishi, ili akina mama wawe macho ya msitu badala ya kukimbizwa. Na mambo yaliyoko kwenu wenyewe mna mamlaka nayo, sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 za mto, hizo mita 60 ziko kwenye vihamba vyenu. Mmepima?

La pili, nitakwambia ukweli hata kama hautakufurahisha. Ukanda wa msitu ndo mama wa maji yote ya mlima, watafiti wa muda mrefu wanasema kama asilimia 96 ya maji yanayotoka Kilimanjaro yanatokea kwenye ukanda wa msitu, sio theluji kama wengi wanavyodhani. Ile kuvumwani na ndevu unazoona kwenye matawi huko juu zinakamata ukungu zinaudondosha chini tone kwa tone, hata siku isiyo na mvua. Ukikata au ukichoma unapoteza hiyo. Na moto ndo mbaya kuliko chenso, mnakumbuka mlima ulivyoungua Oktoba 2020. Lakini mfongo mmoja kukauka kunaweza kuwa pia na mabomba yaliyochukua maji juu ya banio, watu kuongezeka, mfereji kuvuja, wazee wa mfongo kufariki na vijana kutosafisha. Pandeni tena, mfuate maji kutoka juu ya banio kwenda juu, muone yanapotelea wapi. Usiende kwenye mkutano na visiki 37 tu ukaambiwa umekosea ukakosa na hilo la visiki.

MamaAika

Mzee asante, hapo kwenye macho ya msitu umenigusa. MfongoWaJuu mwanangu, ukisimama kwenye huo mkutano uliza na kitu kimoja. Kijiji kinapokamata mapanga na mbao, vinakwenda wapi? Kwetu ziliwahi kukamatwa mbao 60 zikawekwa ofisini, baada ya wiki mbili hazipo, hakuna mnada tuliousikia. Uliza daftari.

mbao_na_bati

Hilo la daftari ni zito kuliko mnavyofikiri. Na piga picha visiki, weka kitu cha kupimia pembeni, panga au kiatu, na uweke alama ya eneo kwenye simu. Mbao za kamfa zikikamatwa sokoni mtu anasema ni za kusini au za Usambara, hakuna wa kumpinga. Ukiwa na picha na tarehe wa kumpinga yupo.

MfongoWaJuu

Wadau nimerudi, mkutano ulikuwa juzi Jumamosi.

Kabla ya mkutano tulipanda tena mimi, mjomba na vijana wawili. Mzee ulikuwa sahihi kwa sehemu, juu ya banio kuna bomba la inchi mbili ambalo hakuna anayesema ni la nani, na chini yake mfereji unavuja sehemu tatu. Hizo tatu tumeziziba kwa udongo na magome ya migomba siku hiyohiyo na maji yameongezeka, sio kama zamani ila yameongezeka. Visiki tumepiga picha vyote, na vimekuwa 41. Vinne vipya ndani ya wiki tatu.

Kwenye mkutano sikusimama upande wowote wa lile ombi, nilisema tu bado mapema kuomba kabla hatujaonyesha tunajua tulichonacho. Kuna waliozomea. Nikaonyesha picha, nikauliza zile mbao na mapanga yaliyokamatwa mwaka huu yameandikwa wapi. Ukimya aisee. Mwenyekiti akasema daftari lipo ila aliyeshika ufunguo wa kabati amesafiri. Kina mama wa nyuma wakaanza kutaja mmoja mmoja, panga langu tarehe fulani, langu mwezi wa pili, mwingine mizigo mitatu, na kijana mmoja akawa anaandika kwenye daftari la shule. Yamefika mapanga 23. Imeazimiwa daftari la kijiji lisomwe mkutano ujao, na wamechaguliwa watu sita wa kufuatilia utaratibu wa kuni kavu, wanne ni kina mama.

Mjomba alitaka kung'oa miche ya mseri iliyochipua kwenye mizizi ya ule uliokatwa. Nikamkataza, tumeizungushia miti mitatu mikavu ili mbuzi wasifike. Machipukizi matano. Mzee, yanahitaji kivuli kiasi gani yale?

MzeeWaOlmotonyi

Yaache kwenye kivuli cha kati, yasipigwe na jua la mchana moja kwa moja. Mkiona Macaranga inayafunika kabisa pogoleeni matawi ya upande wa mashariki tu, msiikate yote. Lakini mpo ndani ya mpaka wa hifadhi, kwa hiyo kwanza mwandikieni mhifadhi barua kwamba mmeyaona na mnaomba kuyatunza, nakala kijijini, na ibaki na nakala yako. Tarehe iandikwe vizuri.